Mfagiaji pia ana haki ya ovataimu

Mhariri,

Wafanyakazi wengi wa umma hapa Nakuru huambiwa serikali hailipi ovataimu, yaani malipo ya saa za ziada. Si kweli. Sheria ya Ajira ya 2007 inawaacha nje wanajeshi, polisi, askari magereza na NYS (Huduma ya Vijana kwa Taifa). Mfagiaji wa soko hayumo kati ya hao walioachwa nje.

Chini ya Agizo la Jumla la Mishahara, mshahara wa msingi, bila marupurupu ya nyumba, hugawanywa kwa 225. Sh22,500 hutoa Sh100 kwa saa. Saa ya ziada ni Sh150, siku ya mapumziko au sikukuu Sh200.

Madai mengi huangushwa na ushahidi: daftari la zamu hubaki kwa msimamizi. Lipigeni picha kila wiki, saa na sahihi zionekane. Na msichelewe, mahakamani mwisho ni miaka 3.

Mtetezi wa wafanyakazi,
Nakuru