Mwekezaji anauliza umeme, sisi tunamwonyesha bahari

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaosema Lindi na Mtwara hazipati viwanda kwa kuwa wawekezaji hawajatujua. Wanatujua sana. Nina nyumba ya wageni hapa Mikumbi, na minada ya korosho ikianza napokea wanunuzi kutoka India na Vietnam. Wanapiga hesabu zao barazani kwangu, kisha korosho ghafi inapakiwa melini Mtwara, basi.

Mmoja wao alitaka kubangua hapahapa. Alikuja na daftari la maswali, na hakuna hata moja lililohusu fukwe. Kiwanja chenye hati kiko wapi? Maji yanafika? Umeme unakatika mara ngapi? Tozo zote kwa mwaka jumla yake kiasi gani? Tukapanda bajaji, nikamzungusha. Kila ofisi ilikuwa na jibu lake. Katika ofisi moja, ambayo siitaji, tuliandikiwa ada kwa kalamu nyuma ya bahasha, na tulipouliza imo kwenye sheria ndogo ipi tukaambiwa turudi Jumatatu.

Eneo tulilooneshwa lilikuwa ardhi ya kijiji, halijapimwa. Sasa, mgeni hamiliki ardhi nchi hii. Hupewa haki ya kuitumia kwa uwekezaji tu, tena ardhi ya kijiji sharti kwanza ihamishwe iwe ardhi ya jumla (isiyo ya kijiji wala hifadhi), na jambo hilo linafika mpaka kwa Rais. Nani atasubiri hayo yote huku riba ya benki inapanda? Yule bwana yuko Mkuranga sasa, mkoa wa Pwani. Nasikia anachukua korosho za huku kwa malori.

Najua mengi yanaamuliwa juu. Bomba kutoka Madimba, Mtwara, linapeleka gesi Dar es Salaam tangu 2015, na ndilo wana Mtwara walilokuwa wakilipinga mwaka 2013, wakaonekana wakorofi. Dangote alifuata mawe ya chokaa Msijute, Mtwara, lakini mwishoni mwa 2016 kiwanda chake cha saruji kikasimama kwa muda, gharama za dizeli zikitajwa. Gesi iliyo jirani yake alikuja kuunganishiwa 2018! Likong'o, hapa Lindi, panapotarajiwa kujengwa mtambo wa kusindika gesi, watu walishalipwa fidia, makubaliano ya awali na kampuni za Shell na Equinor yakasainiwa Juni 2022, na mpaka naandika barua hii hatujaona tofali. Hata korosho ghafi inayokwenda nje imewekewa ushuru wa asilimia 15 ili ibanguliwe nchini, na bado inaondoka na maganda yake.

Lakini kupima viwanja si kazi ya Dodoma peke yake. Sheria ndogo zinatungwa na baraza letu la madiwani. Ushuru wa huduma, unaotozwa kwenye mauzo, unakusanywa na halmashauri. Haya yako mikononi mwetu, na ndiyo hasa yaliyompeleka mgeni wangu Mkuranga.

Wapo watakaosema tuombe misamaha ya kodi. Mimi sitaki. Anayevutwa na msamaha huondoka nao ukiisha, halafu pengo tunazibishwa sisi wenye vyumba kumi. Ushuru wa huduma ninaolipa mimi, naye alipe. Ninachotaka aujue kabla hajaja.

Basi waheshimiwa madiwani, kwenye bajeti ijayo tengeni fedha za kupima eneo moja tu la viwanda, lifikishiwe maji na umeme, na orodha ya tozo zote ibandikwe ukutani, kila tozo na namba ya sheria yake. Kama mtasema fungu halitoshi, anzeni na posho za kwenda kwenye makongamano ya uwekezaji Dar es Salaam.

Mwenye nyumba ya wageni,
Mikumbi, Lindi