Mafundi seremala, tukatieni seti ya meli ya Liemba

Mhariri salaam, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Niko hapa Moshi na napenda sana kuunda meli ndogo za mbao, zile za seti, unafungua boksi unakuta mkuku (uti wa mgongo wa meli) na mataruma (mbavu zake) yamekatwa tayari, vibao vyembamba, nyuzi na mchoro, alafu unakaa nayo miezi. Utamu wenyewe ni kupiga ubavu, yaani kuivika meli vibao. Kibao unakilowesha mpaka kilegee, unakikunja kufuata mataruma, unakibana na vibanio vya nguo hadi kikauke ndo unatia gundi, na ukikaribia omo, ncha ya mbele ya meli, unakipunguza upana kwa msasa maana kule mbele nafasi inabana, usipofanya hivyo vibao vinapandana. Unapiga kimoja kushoto kimoja kulia, ukimaliza upande mmoja kwanza mkuku unapinda.

Sasa kinachoniuma, seti karibu zote ni meli za Wazungu. HMS Victory, meli ya Waingereza iliyopigana vita vya Trafalgar 1805, Cutty Sark ya mizigo ya 1869, nzuri kweli sikatai, ila watoto wanaokuja kuchungulia kazi yangu wananiuliza mbona hakuna ya kwetu.

Na ya kwetu ipo, tena Liemba yenyewe, meli ya Ziwa Tanganyika, ilikuja kama seti! Iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaletwa Dar kwa meli alafu kwa reli kwenda Kigoma, ikaunganishwa upya na kuingia majini 1915. Mwaka uliofuata, vita vikiendelea, Wajerumani wakaizamisha wenyewe isitekwe, wakiwa wameshazipaka injini grisi zisiote kutu, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina hili la Liemba. Ina urefu wa mita 71 hivi, ukiipunguza mara 100 unapata sentimita 71, inakaa juu ya kabati bila shida. Ni ya chuma ndio, lakini kwa mbao inatoka vizuri tu.

Mafundi wa Moshi na Arusha, mashine mnazochongea maua ya milango zinaweza kukata mataruma ya plaiwudi, na vibao mnaweza kuchana kwenye mti wa grevilea, umejaa huku. Mkiona Liemba ni kubwa anzeni na mashua ya tanga moja, hata mtoto wa darasa la sita ataiweza. Fundi aliye tayari, mimi michoro nitamchorea bure.

Msomaji wenu,
Moshi