Jumamosi: Django ndani ya Jupyter

Salaam jamaa. Jumamosi baada ya adhuhuri, Tudor, Mombasa, pale pale petu. Tutafungua mradi wa Django (zana ya Python ya kujengea tovuti) ndani ya daftari la Jupyter, pa kuandikia na kuendeshea msimbo kipande kwa kipande, tuchezee modeli (msimbo unaowakilisha majedwali ya hifadhidata) bila kuunda ukurasa hata mmoja. Sakinisheni jupyter na django-extensions (nyongeza za Django) mkiwa nyumbani, maana intaneti ya pale mwaijua. Ongeza django_extensions kwenye orodha ya INSTALLED_APPS ndani ya settings.py, kisha:

python manage.py shell_plus --notebook

Ukipata kosa la SynchronousOnlyOperation usibabaike. Jupyter huendesha msimbo ndani ya mzunguko wa async (kazi zinazopishana bila kusubiriana), na humo Django tangu toleo la 3.0 hukataa kugusa hifadhidata kwa njia ya kawaida isiyo ya async. Weka kigeu cha mazingira (environment variable) DJANGO_ALLOW_ASYNC_UNSAFE kiwe true, kwenye daftari tu; kwenye seva ya wateja ni haramu! Na mje na nakala ya hifadhidata, delete(), amri ya kufuta data, haiulizi mara mbili.

Mwenye ekstensheni ya stima aibebe.