Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Klabu ya Karate ya Chuo kwa Mkutano Mkuu

Mlezi wa klabu, sensei (mwalimu) wetu, wajumbe wa kamati na ndugu wanachama,

Mazoezi yameendelea mara tatu kwa wiki, isipokuwa wakati wa mitihani ya chuo. Waliopanda mkanda mnawajua. Maonyesho ya kuwakaribisha wanafunzi wapya yalifana, na tunamshukuru sensei. Hayo mliyaona kwa macho yenu, sitayarudia. Nataka nizungumzie fedha za changizo, ambazo kamati ilinunulia mikeka ya mazoezi badala ya safari ya mashindano, jambo lililosemwa sana pembeni na kidogo mno vikaoni.

Changizo letu kubwa lilikuwa la mateke. Wanachama 26 walijitokeza, kila mmoja na kadi yake ya ahadi, na mfadhili akaahidi kiasi fulani kwa kila mateke 100, mwisho mateke 1,000. Wazo hilo nililileta mimi, na kadi tukaziandaa mimi na katibu usiku, wakati wengine waking'ang'ania bahati nasibu ambayo ingetulazimu kununua zawadi kabla hatujapata hata senti. Mateke hayahitaji mtaji. Yanahitaji mtu, miguu yake na wa kumhesabia. Ambao hamkuwepo hamkumwona mwenzetu mmoja wa mkanda mweupe alivyopita teke la 800, gi, sare yake ya karate, imemganda mgongoni, mguu wa kushoto hauvuki goti, na mhesabuji akimtajia namba moja moja mpaka akamaliza. Mfadhili wake alilipa siku hiyo hiyo.

Ahadi ni deni, na robo tatu ya deni hilo limelipwa. Fedha nyingi ziliingia wiki ya kwanza, pale mwenye kadi alipomfuata mfadhili wake mwenyewe. Kadi zilizolala mabegini mpaka likizo ndizo ambazo hazijaleta kitu hadi leo, na mweka hazina anazo namba zake. Kwa ujumla, katika kila mafungu 10 ya mapato ya mwaka huu, 7 yametokana na mateke, 2 maonyesho, na 1 tu ada zenu.

Sasa suala la mikeka. Inasemwa kwamba fedha zilikuwa za safari ya mashindano na kamati ikazigeuza. Someni kadi: imeandikwa "kwa maendeleo ya klabu". Neno mashindano halimo. Safari ingewafaa wachezaji 6, na wakirudi hesabu inaanza upya. Mikeka inamfaa kila anayeingia dojo, ukumbi wetu wa mazoezi, na mwakani itakuwepo. Mwaka jana tulikuwa tunapigana kumite, yaani pambano la watu wawili, juu ya saruji, mpaka sensei akapiga marufuku kufagia miguu ya mpinzani ili aanguke, baada ya mwenzetu kuteguka bega. Mchezaji ambaye hajawahi kuangushwa mazoezini, tumpeleke mashindanoni akajifunzie huko kuanguka? Mimi sikuwa tayari kubeba dhamana hiyo, na nasema wazi kwamba ningeamua hivyo hivyo leo.

Kwa kanuni za Shirikisho la Karate Duniani, ulingo una mita 8 kila upande, ukizungukwa na mita 1 ya usalama. Hiyo ni mikeka 100 ya mita moja kwa moja. Fedha zilitosha 64, yaani ulingo wenyewe. 36 ya pembezoni bado. Inashikana kwa meno, hivyo nyongeza itaunganishwa pale pale bila kubadili kitu, na chuo kikitaka ukumbi wake tunaibandua tukaipanga ukutani.

Kwamba hamkushirikishwa, sikubali. Tuna wanachama 58, na akidi ni theluthi moja, yaani watu 20. Mkutano wa dharura uliitishwa mara mbili: wa kwanza walifika 14, wa pili 11. Katiba inaruhusu kamati kuamua akidi ikikosekana mara ya pili, na kamati iliamua. Hati ya malipo ina saini mbili, yangu na ya mweka hazina, na risiti ziko mezani hapa, kila mtu azishike. Wengi wanaolalamika leo sikuwaona katika mikutano hiyo. Naumia kulisema, maana ni watu ninaofanya nao mazoezi.

Ada pia inaumiza. Kati ya hao 58, waliolipa ni 31. Wafadhili wa nje wakituuliza sisi wenyewe tumechangia nini, nashindwa kuwatazama usoni.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kumalizia mikeka iliyobaki, kuangalia uwezekano wa safari, na pengine kupata mfadhili wa kudumu. Mazungumzo ya awali yapo. Tarehe ya changizo lijalo itapangwa na kamati mpya. Wenye kadi za ahadi mikononi wamwone mweka hazina kabla ya kutawanyika.

Naomba kuwasilisha.