Kuhusu kile kiwanja cha jirani na sheli

Rafiki yangu Hamisi,

Salamu nyingi, na mama watoto umsalimie. Ujumbe wako nimeupata: kiwanja Mbagala, mita arobaini kutoka sheli, kisima kipo tayari, na dalali anakuhimiza utoe kishika uchumba wiki hii. Usitoe kwanza.

Hizo mita arobaini hazisemi kitu mpaka ujue maji ya ardhini yanaelekea wapi. Petroli ikivuja hushuka mchangani hadi ikutane na maji, na kwa kuwa ni nyepesi, huelea juu yake. Kinachosafiri mbali ni kile kinachoyeyuka, hasa benzini, kemikali iliyomo ndani ya petroli na inayoleta saratani ya damu. Kwa hiyo kiwanja kilicho upande yanakotoka maji kinaweza kuwa salama hata kikipakana na sheli, na cha upande wa pili kikaharibika kikiwa mbali zaidi.

Tafuta visima vitatu, chako na viwili vya majirani, visivyo kwenye mstari mmoja. Waombe wasivute maji usiku kucha. Alfajiri pima kutoka mdomo wa kila kisima hadi kwenye maji, vyote ndani ya saa moja. Kisha fundi mwashi alinganishe midomo hiyo kwa mpira wa levo, ule mpira mwembamba uliojazwa maji, akihamisha alama kutoka kigingi hadi kigingi, maana ardhi haiko sawa. Baada ya kusahihisha, kama maji ya cha kwanza yako mita 3.20 chini, cha pili 3.45 na cha tatu 3.60, basi yanaelekea upande wa kile cha tatu. Watu wengi huruka kazi ya levo, wakaishia kuchora mshale unaoelekea kinyume.

Pale sheli, tazama mabomba membamba yaliyosimama ukutani, ya kupumulia. Yanakupa picha ya idadi ya matangi yaliyozikwa. Wazee wa mtaa watakwambia yalifukiwa lini. Kama ni kabla ya 2006, ongeza madini ya risasi kwenye orodha ya vipimo, kwa kuwa petroli ya zamani ilikuwa nayo. Uliza pia aina ya pampu. Zile zinazovuta mafuta kutoka juu, bomba likitoboka huvuta hewa na kushindwa kazi, kwa hiyo wenyewe hugundua. Zile zilizozama ndani ya tangi husukuma: tundu dogo linamwaga mafuta ardhini kila gari linapojazwa, na juu huoni kitu. Leseni ya EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, na cheti cha NEMC, baraza la mazingira, omba uvione, ila karatasi haizibi tundu.

Ukiona utando wa rangi rangi juu ya maji, uguse kwa kijiti. Ukivunjika vipande na kubaki hivyo, mara nyingi ni vijidudu vinavyoishi kwa chuma kilichomo majini tu. Ukijizungusha na kuungana tena, ni mafuta. Lakini pua na macho visikuamulie. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa benzini ni miligramu 0.01 kwa lita, na maji huweza kukizidi mara nyingi sana kabla hujasikia harufu. Piga hesabu: lita moja ya petroli yenye benzini asilimia 1 ina karibu gramu 9, zinazotosha kuharibu zaidi ya lita laki nane za maji.

Sampuli ndipo kazi huharibika. Kama ni kisima cha kuchimbwa kwa mashine, bomba la milimita 110 lenye maji mita 10 lina lita kama 95. Toa mara tatu yake, karibu lita 285, ndipo uchukue. Tumia chupa za kioo za mililita 40 zenye tindikali kutoka maabara, usizisuuze. Jaza taratibu mpaka maji yavimbe mdomoni, funga, pindua. Ukiona kiputo cha hewa, anza na chupa nyingine, kwa sababu benzini hukimbilia kwenye hewa hiyo. Weka kwenye barafu, zifike ndani ya siku chache. Aliyejaza petroli au kushika jenereta asubuhi hiyo asiguse chupa. Peleka pia chupa moja ya maji safi iliyosafiri pamoja na zenzake: ikionyesha benzini, uchafu umeingia njiani.

Kabla ya kulipa maabara, uliza kiasi kidogo kabisa cha benzini ambacho mashine yao inaweza kukiona. Kama hawaoni chini ya miligramu 0.05 kwa lita, jibu la "haijaonekana" halina maana kwako.

Udongo nao uutoboe kwa keekee ya mkono upande unaotazama sheli, ukichukua kila nusu mita. Sehemu muhimu zaidi ni ile kanda ambayo maji hupanda masika na kushuka kiangazi, maana mafuta hupakwa humo na kubaki. Masika yenyewe maji huyafunika, kisima kikaonekana safi. Ukiweza, rudia kipimo mwishoni mwa kiangazi.

Na usijipe moyo kwamba utaunganisha maji ya DAWASA. Bomba la plastiki likipita kwenye udongo wenye petroli, mvuke wake hupenya plastiki. Kuchemsha nako kunahamishia benzini hewani, jikoni.

Mwambie dalali kwamba malipo yatafuata majibu ya maabara, na iandikwe kwenye mkataba. Akikataa, mwache aendelee na mteja mwingine.

Ukishapima visima vitatu nitumie namba na mchoro wa mtaa, nikuchoree mwelekeo kabla hujanunua chupa hata moja.

Wako,
Juma