Wimbo wa kupinga vita nao unachezeka

Mhariri,

Mchambuzi wenu wa muziki ameandika kwamba wimbo wenye siasa ni hotuba iliyopigiwa ngoma, haumtoi mtu kitini. Mimi ni mpiga gitaa la besi, nampinga.

Hotuba kweli ipo. Maneno ya "War" ya Bob Marley, wa mwaka 1976, karibu yote yametoka kwenye hotuba ya Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, kwa Umoja wa Mataifa mwaka 1963. Lakini jaribu kuupiga wimbo huo halafu uone kama kuna atakayebaki amekaa!

Naye Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, katika "Zombie", wimbo unaowadhihaki wanajeshi wanaotii amri bila kufikiri, alichukua amri za gwaride, geuka kulia, geuka kushoto, piga saluti, akaziimba kwa kejeli huku waitikiaji wakirudia neno moja tu. Watu walicheza, wanajeshi wakaelewa. Februari 1977 walivamia nyumba yake Lagos wakaichoma moto, na mama yake akatupwa dirishani; alifariki mwaka uliofuata. Hivi kweli huo ni wimbo usiomgusa mtu?

Namwomba mchambuzi, akipokea albamu nyingine, asome mashairi kabla hajahesabu midundo.

Msomaji wenu, mpiga besi