Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa usafiri wa majini: Nguzo ipo, bendera iko wapi?

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: BENDERA NYEKUNDU YA GATINI (KWA MARA YA TATU)

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Natumaini barua hii inakukuta salama na, zaidi ya hapo, mkavu.

Barua ya kwanza, ya kuomba bendera ya kuwaonya abiria hali ya hewa inapochafuka, nilikuandikia mwaka jana, mvua ilipotuharibia matembezi ya familia kisiwani. Nikajibiwa kwamba suala langu "linafanyiwa kazi". Ya pili haikujibiwa, nikajiambia huenda kazi imepamba moto. Jumamosi iliyopita nikaiona kazi yenyewe: nguzo ya chuma iliyopakwa rangi nyeupe, kamba yake inaigonga kwa upepo, na juu hakuna kitu.

Tulikuwa saba. Likizo niliiomba miezi mitano kabla. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 71 na magoti yasiyopenda ngazi, alikuwa hajawahi kupanda boti. Asubuhi bahari ilikuwa imelala, tukavuka tukiimba. Saa tisa alasiri tunajipanga kurudi, upande wa bara kumekuwa kweusi kama sufuria ya kuni. Nikamuuliza kijana wa tiketi. Akasema, "Hiyo ni ya huko huko, mzee, huku haifiki."

Simlaumu kijana. Hakupewa taarifa yoyote, na asiyepewa taarifa hubahatisha. Lakini ofisi yako inajua jinsi mambo yanavyokwenda katika nchi za joto. Jua la asubuhi linachemsha ardhi, upepo wa baharini unaingiza unyevu, hewa inapanda, na ikifika alasiri wingu limekuwa mnara wa kilomita 10 na zaidi. Kisha hewa baridi inaporomoka kutoka humo na kutangulia mbele ya mvua. Upepo huo ndio uliotukuta katikati ya maji, kabla hata ya tone la kwanza.

Majaketi ya kuokolea maisha yalikuwepo, nakiri. Yote ya watu wazima. La mwanangu wa mwisho lilikuwa linampanda hadi masikioni, mke wangu akalifunga kwa mkanda wa begi lake. Nahodha, Mungu ambariki, aligeuza boti bila kungoja amri ya mtu, akaturudisha kisiwani. Huko tulikaa saa tatu chini ya banda lisilo na kuta, zaidi ya watu 40, tumesimama. Banda la namna hiyo linazuia mvua kidogo. Radi halizuii hata kidogo. Kanuni inayofundishwa ni kwamba ukiona umeme na ngurumo ikafuata kabla hujafika sekunde 30, radi iko kama kilomita 10 tu kutoka ulipo: ingia ndani ya jengo kamili au gari, usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Binti yangu anaijua. Akawa anahesabu kwa sauti. Mara ya mwisho alifika nne.

Tulirudi gizani. Mama hakusema neno njia nzima, na yule mdogo tangu siku hiyo hataki hata kuogeshwa.

Sasa nikukumbushe, kwa heshima zote. Siku ya kufungua gati ulishika kipaza sauti ukasema kwamba msimu ujao hautaingia kabla hapajawa na ubao wa utabiri na bendera ya tahadhari. Nilikuwepo. Nilipiga makofi. Misimu mitatu imepita, labda nilielewa vibaya ni msimu upi.

Kwa nini bendera haipo, sina ushahidi, nakisia tu. Pengine imefungiwa stoo na mwenye ufunguo yuko likizo (kavu, natumaini). Pengine kuna anayehofu kwamba ikipanda, tiketi zitaacha kuuzwa. Ikiwa ni hilo, basi niambiwe waziwazi kwamba bei ya mwanangu imeshapigiwa hesabu.

Tarehe 23 Machi 2022, Siku ya Hali ya Hewa Duniani, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alitangaza lengo la kila mtu duniani kufikiwa na mifumo ya maonyo ya mapema ndani ya miaka mitano. Hiyo ni mitambo, setilaiti na kompyuta. Mimi sijaomba setilaiti. Nimeomba kitambaa.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na maombi mengine: majaketi ya watoto, banda lenye kuta, ubao wa utabiri wa siku, redio ya nahodha kusikia taarifa za alasiri. Yote bado nayataka. Lakini jana saa nane mchana nilipita gatini, wingu ni lile lile, na boti ikaondoka imejaa, watoto wamekaa mbele wanapunga mikono. Nikayaweka mengine pembeni.

Nguzo ipo. Kamba ipo. Mtu wa kuipandisha yupo, anakaa pale pale kwenye kibanda cha tiketi. Tafadhali, Mheshimiwa, bendera. Kama stoo haina nyekundu, nitaishona mwenyewe na kuileta ofisini kwako Jumatatu asubuhi.

Wako mtiifu, na bado nina mafua,

Abiria wa benchi la nyuma